Bakuli la Uji Kabla ya Kipimo

Anifa ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kumwona mtu ana njaa akanyamaza. Pale kwenye uchochoro wake wa Mchafukoge, katikati ya ghorofa mbili za maduka, anapopikia chakula cha mchana chini ya turubai la bluu, mteja akibakiza wali kwenye sahani anaulizwa amefiwa na nani. Mpiga debe akija mfuko umetoboka anawekewa ukoko na mchuzi, kisha anafukuzwa asije akawaitia wenzake. Wachukuzi, wauza vitenge, makarani wanaokuja kwa miguu kutoka Posta kufuata mchicha wake wa karanga, wote wanamwita Mama Shamsa, na wote wameshasemwa naye kwa kosa la kukonda.

Tabia hiyo aliitoa kwao Masasi. Mama yake alikuwa na tiba moja ya kila maradhi, uji wa ulezi uliotiwa karanga za kutwanga, na Anifa alipougua surua akiwa mdogo, watoto wa majirani wakizikwa huku na huku, alinyweshwa uji huo kijiko kwa kijiko mpaka akasimama. Mtu aliyeokolewa na bakuli la uji huwezi kumwambia kirahisi kwamba iko siku bakuli lile lile litamdhuru mtu. Kwa hiyo ni vigumu kumlaumu. Ila yeye anajilaumu, na katika hilo hajapatikana wa kumzuia.

Mumewe, Bakili, ni fundi cherehani. Anashonea kwenye baraza la duka moja la vitambaa Kariakoo, sare za shule kwa wingi, na mashati ya wanaume wasioamini mashati ya kununua. Ni mtu wa maneno machache na shingo ngumu. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, unaweza kukaa pale ukabembeleza mpaka ukaota mvi, atakuwa anakusikiliza kwa adabu huku mguu uko kwenye pedeli.

Bakili alianza kuona damu chooni akanyamaza nayo. Mwaka ukapita. Akanunua mizizi ya kuchemsha kwa wauza dawa wa barabarani, akawa anainywa akijifanya ni dawa ya mgongo. Siri ilitoboka siku alipoanguka na kiti chake barazani, kitambaa cha sketi mkononi, watu wakambeba mzobemzobe mpaka zahanati. Damu imepungua, wakasema. Wakampa vidonge vya kuongeza damu na barua ya kwenda hospitali kubwa, akaangaliwe utumbo mpana kwa kipimo cha kamera.

"Bawasiri tu hii," Bakili akamwambia mkewe. "Kila fundi anayo. Kazi ya kukaa."

Aliposikia kamera yenyewe inapitia wapi, ndiyo kabisa. Pale kijiweni wanapokunywa kahawa, Mrisho muuza kahawa alimwambia mwanamume haangaliwi huko, na kwamba wakimwingiza kamera watakuta sindano zote alizopoteza tangu aanze ufundi. Watu wakacheka, naye Bakili akacheka, na kicheko kile kikamfunga mwaka mwingine mzima. Anifa akabembeleza. Akanuna. Akakataa kulala chumbani akalala kwenye mkeka wa sebuleni. Mwisho akamwita binti yao Shamsa, mwalimu wa shule ya msingi Mbagala, aje alie mbele ya baba yake, na Shamsa, ambaye hakuhitaji kufundishwa kulia, akalia kweli.

Bakili akakubali shingo upande. "Mara moja tu," akasema. "Wakiangalia wakaona, sawa. Wakiangalia wasione, nisisikie tena habari ya kipimo hicho ndani ya nyumba hii. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Anifa aliishika ahadi ile kwa mikono miwili. Alijua mumewe hatatoa nyingine.

Hospitali wakapokewa na nesi mmoja, Evelyn, binti wa Moshi mwenye sauti ya taratibu. Aliwakalisha, akawaeleza kila kitu bila kuzunguka, akimtazama Bakili usoni kama anayempima mkubwa wake nguo. Vidonge vya kuongeza damu aviache kuanzia siku hiyo, vinatia weusi ndani, kamera haioni vizuri. Siku mbili tatu kabla ya kipimo ale vyepesi: wali mweupe, mkate mweupe, yai, samaki. Maharage, mchicha, karanga, matunda yenye mbegu, ulezi, vyote avipishe. Siku ya mwisho asile kabisa, anywe tu. Chai ya rangi, maji ya dafu, supu iliyochujwa mpaka imebaki maji.

"Kipimo cha kinywaji ni hiki, mama," akamgeukia Anifa. "Ukikitia kwenye glasi, uone vidole vyako upande wa pili. Usipoviona, hakimhusu."

"Na uji mwepesi?" Anifa akauliza. Aliuliza. Hili ndilo linalomsumbua mpaka leo, kwamba aliuliza.

"Uji hapana, mama. Hata mwepesi."

Kisha nesi akatoa pakiti za dawa ya unga. Unayeyusha kwenye maji mengi, unakunywa glasi baada ya glasi, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku yenyewe. Ina chumvichumvi, iwekwe kwenye baridi, akamulie ndimu. Ataendesha sana, asiogope, ndiyo kazi yake. Awe na mafuta ya kujipaka, maana atachubuka. Na lazima amalize yote, mpaka kinachotoka kiwe maji safi ya rangi ya mkojo.

"Na siku yenyewe?" Bakili akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo.

"Siku yenyewe ndiyo rahisi, mzee wangu. Unavaa gauni letu, unalala ubavu wa kushoto, unapigwa sindano ya usingizi mwepesi. Utasikia tumbo limejaa hewa kidogo, pengine hutasikia kitu. Wakiona kinyama wanakikata hapo hapo, hakiumi. Ukiamka unakunywa chai, mama anakurudisha nyumbani. Siku hiyo usiguse cherehani, utajishona vidole."

Bakili akatabasamu. Njiani kurudi alimwambia mkewe yule binti ana adabu, kwao wamemlea.

Sasa nyumba wanayopanga ni zile za zamani zilizobaki chache Kariakoo, zilizobanwa na maghorofa pande zote: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani choo kimoja cha kaya zote. Na choo kile kina mwenyewe. Mwenyewe ni Theopista, Mama Allen, muuza vyombo vya plastiki wa Mtaa wa Sikukuu, Mchaga asiyecheleweshwa na mtu, ambaye kila jioni akitoka dukani huingia na ndoo yake na redio yake. Anifa ikabidi amfuate akamweleze kwamba kesho jioni choo kitakuwa cha mume wake.

"Choo chote?" Mama Allen akauliza.

"Chote, dada yangu. Anakunywa dawa ya kusafisha tumbo."

"Kwa hiyo sisi wengine tuende wapi, Msimbazi?" Lakini alipoona uso wa Anifa akaacha mzaha. Kesho yake aliwatangazia wapangaji wote wajipange mapema, akaosha choo mwenyewe kwa dawa, akaweka kiti cha plastiki kipya cha dukani kwake nje ya mlango ili Mzee Bakili awe anapumzikia. Kiti kile kiko pale mpaka leo.

Siku ikafika. Bakili hakula tangu asubuhi, na hakulalamika. Anifa hakuweza hata kupika biashara. Alibaki nyumbani akichuja supu kwa kitambaa cheupe mara mbili, akiinua glasi kwenye mwanga na kuhesabu vidole vyake. Alasiri dawa ikaanza. Glasi ya kwanza Bakili aliinywa kiume. Ya pili akakunja uso. Baada ya hapo ikawa ni mguu niponye kati ya chumba na uani, kandambili zikipiga korido nzima, watoto wa wapangaji wakihesabu safari mpaka Mama Allen alipowatishia kwa mwiko.

Kuelekea magharibi alikuwa amekaa kwenye kile kiti, kichwa kimeegemea ukuta. Macho yamezama. Midomo mikavu. Alipojaribu kusimama magoti yalimtetemeka, akashika fremu ya mlango. Mtu huyu Anifa aliolewa naye akiwa na mabega ya kubeba gunia la korosho peke yake. Hajawahi kumwona ameshika mlango asianguke.

"Mama Shamsa," akasema, taratibu, bila kumtazama. "Njaa inaniuma."

Basi. Hakuomba. Alisema tu. Lakini kwa maneno yale mawili moyo wa Anifa ukakatika. Akaingia jikoni akasimama mbele ya mikebe yake. Kichwani akajibizana na nesi ambaye hayupo. Wao wanajua mitambo, sawa, lakini mimi najua mume wangu. Mtu hawezi kulala hivi. Akifa usiku huu, hiyo kamera wataiingiza wapi? Na uji si chakula, uji unanyweka. Akauwasha moto. Akakoroga ulezi, akatia karanga zilizosagwa, sukari, na ndimu kidogo. Aliupika kwa upendo wote aliokuwa nao. Hilo hakuna anayelitilia shaka.

Akamletea bakuli. Bakili akalitazama.

"Huu si wamekataza?"

"Nilimpigia nesi," Anifa akasema. "Kasema uji mwepesi ruksa, kwa vile umedhoofu."

Hakuwa amempigia mtu. Neno lilitoka laini tu, na kabla hajajua kwamba amedanganya, Bakili alikuwa ameshapokea. Aliunywa wote. Rangi ikamrudi usoni. Akamshukuru, akalala. Anifa alikaa pembeni akimwangalia akipumua, na nisikufiche: jioni ile alifurahi. Alijiona mke.

Alfajiri ile nusu ya pili ya dawa haikushuka. Tumbo lilikuwa zito, glasi ya pili ilimtapisha. "Imetosha hii," Bakili akasema. Anifa alijua nesi alisema amalize yote, lakini angemlazimishaje, yeye aliyekuwa ameshavunja la kwanza? Mengine akayamwaga. Kilichokuwa kinatoka hakikuwa rangi ya mkojo, nalo hilo aliliona. Wakaenda hospitali.

Alisubiri kwenye benchi na mkoba wa nguo za mumewe mapajani. Haikuchukua muda mrefu kama alivyotegemea. Daktari akatoka, akamwita kwenye chumba cha mapumziko, ambako Bakili alikuwa ameketi kitandani, usingizi bado uko machoni, na Evelyn anampima presha.

"Mama, tumeshindwa kumaliza," daktari akasema. "Tumeona kipande cha mwanzo tu, kiko salama. Huku mbele kuna mabaki mengi, kamera imeziba. Itabidi arudie wiki mbili zijazo." Akamgeukia Bakili. "Mzee, jana ulikula nini?"

"Sikula," Bakili akasema. "Nilikunywa uji. Nesi wenu huyu aliruhusu."

"Uji? Nani karuhusu uji?"

"Huyu hapa! Mke wangu kampigia." Sindano ile ilikuwa imemlegeza ulimi, mtu wa maneno machache akawa wa maneno mengi, na kwa sauti. "Mnanitesea nini, mtoto wa watu nishinde njaa, niharishe mbele ya watoto, halafu wenyewe mnaniambia nilivyofanya si sawa? Binti hujui kazi, sema hujui!"

Wagonjwa wengine wakageuka. Evelyn aliacha mpira wa presha mkononi akamtazama Anifa. Hakumtazama kwa hasira. Alimsubiri tu aseme.

Anifa akatazama sakafu.

 Kisha Evelyn akasema, "Pengine hatukuelewana, daktari. Nitamweleza mama upya." Daktari akamwambia mbele yao kwamba mambo kama haya yanagharimu wagonjwa, awe makini. "Sawa, daktari," Evelyn akasema, akaendelea kufunga mpira. Anifa angeweza kusema hata wakati ule. Angeweza kusema mlangoni. Angeweza kurudi toka getini. Alimshika mumewe mkono wakaondoka.

Nyumbani, Bakili alivua viatu akatoa hukumu. "Nilisema mara moja. Nimetimiza. Watu wenyewe kwa wenyewe hawaelewani, huyu anaruhusu, huyu anakataza. Sirudi." Na akisema hapana, mnajua tena.

Anifa alijua dawa ya hapana ile. Ni sentensi moja: nesi hakuruhusu, ni mimi. Aseme hivyo, sababu yote ya Bakili inaanguka. Alijiambia atasema kesho, akishapumzika. Kesho ikawa Ijumaa, mtu hamwambii mumewe habari kama hiyo Ijumaa. Jumatatu Bakili alikuwa na sare za shule za kumaliza. Aliogopa nini hasa? Si kupigwa, Bakili hakuwahi kumwinulia mkono. Aliogopa mtu yule asije akalitazama bakuli lake hata siku moja na kuuliza lina nini ndani. Tangu wameoana, chochote kilichotoka mkononi mwake alikila bila kukitazama. Ndiyo fahari yake pekee, na akaichagua hiyo.

Mvua za vuli zikanyesha zikaisha. Ramadhani ikaingia. Bakili akafunga, akapungua, na watu msikitini wakamsifu swaumu imemkaa. Idi ikapita, hakurudi mwili. Anifa akampikia mara mbili ya kawaida, naye akawa anakula nusu na kusifia yote. "Joto tu," akasema. Kila alipopita mbele ya hospitali yoyote, Anifa aliiona ile sura ya Evelyn inamsubiri aseme.

Kilichomfungua mdomo ni suruali. Asubuhi moja alikuwa anafua, akaigeuza suruali ya Bakili ya kijivu ndani nje, aipendayo ya kuendea msikitini, akaona mshono wa kiunoni si mmoja. Kulikuwa na mshono wa zamani, na ndani yake mwingine mpya, na ndani ya huo mwingine, vitambaa vimekunjwa vizuri na kupigwa pasi ili nje isionekane kitu. Akaichukua ya pili. Vilevile. Zote. Mumewe alikuwa anajipunguzia nguo barazani kwake, mbele ya watu, kwa siri, kila alipokonda akikata na kushona, ili yeye mkewe asione. Mtu aliyeshinda akimsema kila mteja kwa kukonda, aliyekonda kuliko wote alikuwa analala naye.

Anifa aliziacha nguo kwenye beseni. Akavuka barabara, maji yakimchuruzika viganjani, mpaka kwenye baraza la duka. Ilikuwa saa ya watu wengi, mikokoteni inapiga kelele, spika za matangazo ya viatu zinalia, na Bakili yuko kwenye cherehani.

"Baba Shamsa, yule nesi hakuruhusu uji."

Mguu ukaendelea na pedeli. "Unasema?"

"Nilimuuliza, akakataa. Kumpigia sikumpigia. Nilikudanganya. Ni mimi niliyekuharibia kipimo. Nilikuona unatetemeka pale mlangoni nikashindwa, nikapika." Alikuwa analia kwa sauti na hakujali nani anasikia. "Na nikanyamaza mpaka leo. Nimeona suruali zako."

Cherehani ikasimama. Bakili aliuweka mkono juu ya gurudumu. Anifa alijiandaa kwa lolote isipokuwa kwa alichokisikia.

"Yule binti nilimtukana mbele za watu," Bakili akasema.

"Ndiyo."

"Na akanyamaza."

"Ndiyo, alinyamaza. Alinifichia."

Bakili akatoa kitambaa kwenye meno ya mashine, akakikunja, akafunika cherehani yake mchana kweupe, jambo ambalo hata siku ya msiba halifanyi. "Twende nikamwombe radhi," akasema. Siku ile ile wakaenda. Walimkuta Evelyn anatoka zamu, mkoba begani. Bakili alivua kofia. Alisema alichosema kwa sentensi mbili, na Evelyn akasema yameisha, mzee wangu, shikamoo. "Marahaba, mwanangu." Kisha, kwa kuwa ameshafika, na kwa kuwa sababu yake ya kukataa ilikuwa imekufa, Bakili akauliza kipimo kinaweza kuwa lini.

Safari hii Anifa alifuata kila neno. Alitupa mkebe wa ulezi nje ya nyumba siku mbili kabla, asije akajaribiwa. Mama Allen akatangaza upya habari za choo. Jioni, Bakili alipokaa kwenye kiti cha plastiki akitetemeka zaidi ya mara ya kwanza, maana mwili wenyewe ulikuwa umebaki kidogo, Anifa alikaa chini karibu na miguu yake na glasi ya supu iliyochujwa, vidole vyake vikionekana upande wa pili. Hakuweza kumtazama. Bakili hakusema kwamba ana njaa. Alfajiri alikunywa dawa yote mpaka tone la mwisho, na kilichotoka kikawa maji safi.

Kamera ikapita njia yote. Ilikuta uvimbe mbele kidogo ya pale ilipokwama mara ya kwanza, mkubwa, umeshazunguka karibu utumbo mzima. Wakakata vipande vya kupima. Majibu yakatoka, picha za tumbo zikapigwa, na siku ya kuitwa ilipofika daktari akawaambia bila haraka kwamba ni saratani, na kwamba ini nalo limeguswa. Watampasua kuondoa uvimbe usije ukaziba njia, kisha dawa za dripu. Watapambana. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Bakili alitikisa kichwa kama anayepokea vipimo vya mteja. Shamsa, aliyekuja nao, alikuwa ameshaanza kulia. Anifa hakulia. Alikuwa na swali moja, na alikuwa amelibeba tangu kwenye beseni la nguo.

"Daktari. Ile mara ya kwanza, kama ungeona njia yote. Huko kwenye ini kungekuwa kumeshafika?"

Daktari akashusha kalamu. "Mama, ugonjwa huu unaenda polepole. Kuna unaosambaa mapema, kuna unaochelewa. Siwezi kukujibu."

"Lakini wewe unafikiri nini?"

"Nikikujibu nitakuwa nabahatisha."

"Bahatisha basi, daktari! Niambie hata kwamba ni mimi. Niambie nijue."

 Kisha Bakili, ambaye hakuwa ameongea tangu waingie, akasogea mbele kwenye kiti chake. "Daktari," akasema kwa sauti laini, sauti ya mtu anayemwombea mwenzake upendeleo. "Mwambie tu ingekuwa vilevile. Huyu halali."

Daktari alimtazama Bakili, akamtazama Anifa. "Ingekuwa vilevile, mama," akasema.

Anifa aliisikia ile sauti ya mumewe vizuri kuliko alivyosikia maneno. Aliijua. Ndiyo sauti ambayo yeye mwenyewe aliitumia kusema uji mwepesi ruksa. Akaelewa kwamba Bakili haamini anachoomba aambiwe, kwamba ameshapiga hesabu zake zote na kuziweka pembeni, na kwamba yuko tayari kufa akiwa ameficha hilo ili mkewe apate usingizi. Akatamani amtukane. Akatamani amwambie acha, usinihurumie, tazama huruma imetufikisha wapi.

"Asante, daktari," akasema, na mumewe akamshika mkono, akamsaidia kusimama.